Jina Moja, Faili Mbili: Uchambuzi wa Moduli Zinazogongana

Mvua za masika zikinyesha Ukunda mwezi wa Mei, hazileti homa ya dengi siku hiyo hiyo. Maji hutuama kwanza katika ndoo, mapipa na tairi kuukuu zilizotupwa nyuma ya nyumba. Mbu wa aina ya Aedes aegypti hutaga mayai humo, viluwiluwi hukua, mbu aliyekomaa humfyonza mgonjwa damu, kisha virusi hukaa mwilini mwake siku kadhaa kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Ndiyo sababu mtafiti anayechunguza uhusiano wa mvua na homa hawalinganishi wagonjwa wa Mei na mvua ya Mei peke yake; huwalinganisha pia na mvua ya Aprili, na hata ya Machi. Katika R, lugha ya programu inayopendwa na wachambuzi wa takwimu za afya, kazi ya kusogeza safu ya namba hatua moja hufanywa na amri fupi iitwayo lag.

Amri zenye jina hilo ni mbili. Moja imo katika kifurushi cha stats, ambacho huja pamoja na R yenyewe. Ya pili imo katika dplyr, kifurushi cha kupanga data kilichotungwa na Hadley Wickham na wenzake, na ambacho wachambuzi wengi wa leo hukifungua kabla ya kingine chochote. Ile ya dplyr huzisogeza namba kweli: mvua ya Aprili inakwenda kukaa kwenye mstari wa Mei. Ile ya stats ilitengenezewa mifululizo ya wakati yenye tarehe zake ndani. Ukiipa safu ya kawaida, hubadilisha lebo ya wakati iliyofichika tu, na namba zenyewe hubaki palepale zilipokuwa. Mchambuzi aliyesahau kufungua dplyr, au aliyenakili nusu ya msimbo wa mwenzake na kuiacha mistari ya juu, hupata safu aliyoiita mvua_mwezi_uliopita, na ndani yake mna mvua ya mwezi huu huu. Hakuna onyo linalotoka. Grafu inachorwa kama kawaida.

Nimeutanguliza mfano huu kwa sababu unaonyesha upande wa tatizo ambao hausemwi vya kutosha. Mwanafunzi anapofundishwa kuhusu moduli zinazogongana, huonyeshwa programu iliyokwama na maandishi mekundu. Programu iliyokwama ina afadhali: imekwambia kuna jambo, hata kama haijakwambia ni lipi. Mgongano wa kuogopwa ni ule unaoiacha programu iendelee hadi mwisho, itoe jedwali safi, na namba zake ziwe jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Pwani ya kusini ya Kenya ina sababu zake za kulijali jambo hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, wakishirikiana na Wizara ya Afya, wamefuatilia kichocho cha mkojo Msambweni tangu miaka ya 1980. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Chuo Kikuu cha Nagasaki cha Japani walianzisha Kwale, mwaka 2010, mfumo wa kuandikisha kaya na kufuatilia uzazi, vifo na uhamaji. Kikosi cha Chuo Kikuu cha Stanford kilichoongozwa na Desiree LaBeaud kimewafuatilia watoto wa Msambweni na Ukunda kuhusu dengi na chikungunya. Na homa hizi zimetugonga kweli: chikungunya ilizuka Lamu mwaka 2004, ikaja Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi mwaka uliofuata. Sisemi kwamba miradi hii ilianguka katika makosa ninayoyaeleza hapa. Ninasema kwamba kati ya damu iliyotolewa kwa mtoto wa Msambweni na uamuzi wa serikali ya kaunti kuhusu dawa na vyandarua, pana programu ya kompyuta, na programu hiyo inaweza kuchukua amri isiyo yake bila mtu kujua. Vijana wa hapa wanaoanza kazi ya data, wengi wao wakijifunza wenyewe, ndio watakaoiandika.

Chanzo cha tatizo mtu wa huku anaweza kukielewa kabla hajagusa kompyuta. Kwa Wadigo, kama ilivyo kwa majirani zao wa pwani, mtoto hupewa jina la babu au nyanya, na jina hurudi kila baada ya kizazi. Bakari Hamisi akizaa, mwanawe anaitwa Hamisi Bakari, kama alivyoitwa baba yake Bakari mwenyewe. Na mtaa wa pili yuko Hamisi Bakari mwingine asiye ndugu yao. Nyumbani hakuna anayechanganyikiwa, kwa kuwa kila mtu anajua anaitwa nani, kutoka wapi. Anayeandikisha kaya hana ujuzi huo, na akiandika jina pekee, chanjo ya mjukuu itaingia kwenye kadi ya jirani. Kwa hiyo kila mtu hupewa namba yake ya utambulisho. Lugha za programu zilifika kwenye suluhisho hilo hilo: kila amri ina nyumba yake, na ukitaka uhakika unaitaja pamoja na nyumba. Katika R utaandika dplyr::lag au stats::lag. Matatizo yote tutakayoyaona hutokea pale mtu anapotaja jina bila nyumba, na kompyuta ikaamua yenyewe.

Inaamuaje? Hapa ndipo panapostahili kukaa kwa muda, kwa sababu anayeujua utaratibu huu hahitaji kukariri orodha ya hitilafu.

Tuchukue Python. Ukiandika import random, kwanza inatazama kama moduli ya jina hilo imeshapakiwa tangu programu ianze. Orodha yake inaitwa sys.modules. Ikiwemo, kazi imekwisha, hairudi kwenye diski. Isipokuwemo, inatazama zile zilizojengwa ndani ya Python yenyewe, halafu inafuata orodha ya folda iitwayo sys.path, moja baada ya nyingine, na faili ya kwanza yenye jina linalolingana ndiyo inayochukuliwa. Haiendelei mbele kuangalia kama kuna nyingine. Na kichwani mwa orodha hiyo, unapoendesha programu kwa kuitaja faili yake, ni folda ile ile iliyomo programu. Baada yake huja folda zilizotajwa katika PYTHONPATH kama zipo, kisha maktaba ya kawaida ya Python, na mwisho site-packages, mahali ambapo pip huweka vifurushi ulivyopakua.

Mwanafunzi anafanya zoezi la kuchagua kaya kwa bahati nasibu, na faili yake anaipa jina random.py. Mstari wa kwanza unasema import random. Python inaingia folda ya kwanza, inaikuta random.py, inaichukua, faili imejiingiza yenyewe, na amri ya randint haimo. Kwa miaka kadhaa ujumbe uliotoka ulidai kwamba moduli haijamaliza kupakiwa na kwamba pengine kuna mzunguko wa faili zinazoingizana, basi mwanafunzi akaenda kuutafuta mzunguko ambao hakuujenga. Python 3.13, iliyotoka Oktoba 2024, ndiyo iliyoanza kusema waziwazi kwamba faili yako ina jina sawa na moduli ya maktaba ya kawaida, ukaibadilishe. Kwangu mimi huo ni msaada mkubwa kuliko nyongeza nyingi zilizopigiwa debe katika toleo hilo, maana unamfikia yule asiye na mwalimu pembeni.

Kuna sura ya tatizo hili inayopotosha zaidi. Mtu anatengeneza programu ya kupokea wageni katika nyumba za kukodisha Diani, na faili ya kupanga tarehe anaiita calendar.py. Faili yenyewe inafanya kazi vizuri. Siku anapoongeza requests, kifurushi cha kuzungumza na tovuti nyingine, programu inakatika na kulalamika kwamba timegm haipatikani ndani ya calendar. Yeye hajawahi kuiandika timegm popote. Kilichotokea ni kwamba requests huita maktaba ya kawaida ya kushughulikia vidakuzi vya tovuti, na maktaba hiyo huhitaji calendar ya Python. Ilipoiita, ikapewa ya nyumba za Diani. Mgongano umeonekana mahali palipo mbali na chanzo chake, ndani ya faili ambayo mwandishi hakuiandika wala hataifungua, na mtu asiyejua utaratibu wa sys.path ataapa kwamba requests ni mbovu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya utatuzi, kabla ya kugusa chochote, ni kuiuliza programu: jina hili umelitoa wapi? Python hujibu ukiandika print(calendar.__file__), itakuonyesha njia kamili ya faili iliyochukuliwa, na ukiona njia hiyo inapita katika folda yako mwenyewe, umeshamaliza uchunguzi. Ukitaka kuona kila moduli inavyopakiwa, endesha programu kwa python -v. Katika R, find("lag") hutaja vifurushi vyote vyenye amri hiyo kwa mpangilio wa nani anatangulia, na conflicts() hutoa orodha ya majina yote yanayogongana. Hata Stata, ambayo wachambuzi wengi wa afya bado wanaishikilia, ina amri ya which inayosema faili ya amri fulani imekaa wapi.

Ninalisisitiza hili kwa sababu niyaonayo mara nyingi ni kinyume chake. Programu ikikataa, mtu anafuta kifurushi na kukisakinisha upya. Ikikataa tena anafuta Python nzima. Usakinishaji upya haubadilishi nani anatangulia kwenye foleni. Faili ya calendar.py itabaki kwenye folda ile ile hata Python isakinishwe upya kila siku, na kila jaribio linakula bando la mtu anayelilipia kutoka mfukoni mwake.

Swali la pili ni la Python ipi. Kompyuta moja inaweza kuwa na Python ya mfumo, nyingine iliyowekwa na Anaconda, ya tatu iliyopakuliwa na mtumiaji. Amri ya pip inaweza kuwa ya moja, na daftari la Jupyter likaendeshwa na nyingine. Kifurushi kimesakinishwa kweli, na daftari linaapa halikioni. Andika import sys kisha print(sys.executable) ndani ya daftari lenyewe, na badala ya pip peke yake zoea kuandika python -m pip, ili anayesakinisha na anayeendesha wawe mmoja.

Turudi R, kwa maana huko ndiko kwenye migongano ya kimyakimya. R haitafuti kwa folda. Hupanga vifurushi vilivyofunguliwa kwenye foleni, na kilichofunguliwa mwisho kinasimama mbele. Mpangilio wa mistari ya library juu ya faili yako ndio unaoamua. Mfano unaojulikana zaidi ni select: imo katika dplyr, ambako huchagua safu, na imo katika MASS, ambako hufanya kazi nyingine kabisa ya takwimu. Ukifungua MASS baadaye, programu inakatika na kusema kuna kipengele kisichotumika. Inaudhi, lakini imesema.

Ile isiyosema ni plyr. Hiki ni kifurushi cha zamani cha mwandishi yule yule wa dplyr, na vyote viwili vina summarise na mutate. Ukifungua plyr baada ya dplyr, amri za plyr zinatangulia, na hizo hazijui lolote kuhusu vikundi ulivyovipanga kwa group_by. Umegawa data ya kichocho kwa vijiji, unaomba asilimia ya kila kijiji. Summarise ya plyr inakurudishia mstari mmoja wa vijiji vyote kwa pamoja. Hilo utaligundua, jedwali ni fupi mno. Lakini ukitumia mutate kuandika wastani wa kijiji kando ya kila mtoto, ya plyr itaandika wastani wa data nzima kwa kila mmoja. Idadi ya mistari ni ile ile na safu ina jina ulilolitaka. Ukienda hatua moja mbele, ukatoa tofauti ya kila mtoto na wastani wa kijiji chake, huwezi tena kuona kwa macho kwamba kijiji kimepotea. Kijiji chenye maambukizo mengi na kisicho nayo vimepimwa kwa kipimo kimoja, na dawa zitagawanywa kwa kufuata hesabu hiyo.

Wakati wa kufungua tu, plyr yenyewe hutoa onyo: ukifungua viwili hivyo kwa mpangilio mbaya, huandika kwamba kuna hatari. Ila kuna desturi iliyoenea ya kuzima ujumbe wote wa mwanzo ili ripoti itoke safi, kwa suppressPackageStartupMessages. Ninaipinga desturi hiyo katika kazi ya afya. Ujumbe unaosema filter na lag za stats zimefunikwa na za dplyr ndiyo nafasi pekee ambapo kompyuta inakueleza, bila kuulizwa, ilichoamua kwa niaba yako. Ripoti ya wakubwa inaweza kufichwa ujumbe huo. Nakala ya mchambuzi isifichwe.

Python nayo ina mlango wake wa kimya, nao ni nyota. Ukiandika from numpy import *, unaingiza majina mengi kwa pamoja, na sum ya numpy inakaa juu ya sum ya Python. Jaribu sum(range(5), -1). Ya Python hujumlisha sifuri hadi nne kwa kuanzia hasi moja, ikatoa 9. Ya numpy huichukulia hiyo hasi moja kuwa mhimili wa jedwali, ikatoa 10. Namba zote mbili zinaaminika, ndiyo shida yenyewe. Hakuna sababu ya kutosha ya kuiweka nyota hiyo katika programu itakayotumiwa na mtu mwingine. Import numpy as np inaongeza herufi tatu tu kila unapoita amri.

Aina ya tatu hutokea kabla programu haijaanza kuendeshwa: jina la kusakinisha si lazima liwe jina la kuingiza. Karani wa kaunti anataka programu imwandikie ripoti za Word. Ameona mahali import docx, basi anaandika pip install docx. Anapata kifurushi kingine, cha zamani, kisichoendana na Python ya sasa; alichokihitaji kinaitwa python-docx, lakini kikishasakinishwa nacho huingizwa kwa jina la docx. Vyote viwili vinadai jina moja. Hali ni hiyo hiyo kwa jwt na PyJWT, na kwa matoleo kadhaa ya OpenCV ambayo yote huingizwa kwa jina la cv2. Kwa hivi vya jwt na cv2, vikisakinishwa viwili, cha pili hufunika faili za cha kwanza. Ukikitoa kimoja, kinaondoka na faili za mwenzake. Dawa hapa ni kuvitoa vyote kisha kusakinisha kimoja tu, na hapa ndipo pekee ambapo ule mkono wa kufuta na kusakinisha upya una maana.

Mgongano wa matoleo ni mpana, na huku kwetu unachochewa na jinsi kompyuta zinavyotumiwa. Laptopu moja ina wenyewe wengi. Kompyuta za chuo au za saiba hupitiwa na kila darasa. Intaneti ni ya kununua, kwa hiyo mwenye vifurushi huwapa wenzake folda nzima ya site-packages kwa flashi. NumPy 2.0 ilipotoka Juni 2024, vifurushi vingi vilivyotengenezwa kwa matoleo ya 1 vilikatika mara moja vilipokutana nayo, kwa kuwa sehemu zake za ndani zilizoandikwa kwa lugha ya C hazikuelewana tena. Folda iliyokusanywa kutoka kompyuta mbili ni mahali pazuri pa kukutanisha vitu hivyo. Pip yenyewe ilipata utaratibu madhubuti wa kukataa matoleo yasiyopatana mwishoni mwa 2020 tu, katika toleo la 20.3, lakini kilichoingia kwa flashi hakikupitia kwa pip, na hakuna aliyekikagua. Amri ya pip check inaweza kukusaidia kugundua baadhi ya matatizo hayo.

Kushiriki vifurushi bila intaneti kunawezekana kwa njia iliyo sawa, na ningependa kila anayefundisha vijana Kinango au Lungalunga aifahamu. Kwenye kompyuta yenye mtandao, andika python -m pip download pamoja na majina ya vifurushi. Utapata faili zilizofungwa, pamoja na zote zinazotegemewa. Hizo ndizo za kuweka kwenye flashi. Kwenye kompyuta isiyo na mtandao, pip install ikiongezewa --no-index na --find-links hukisakinisha kila kitu kutoka kwenye flashi, ikikagua matoleo kama kawaida. Sharti ni aina ya mfumo na toleo la Python vifanane pande zote mbili. Bando linalipwa mara moja, darasa zima linasakinisha.

Na kila mradi uwe na mazingira yake. Python imekuwa na venv tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012: folda ndogo yenye site-packages yake, isiyojua vya mradi wa jirani. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, pip hukataa kuingiza vifurushi katika Python ya mfumo na kukuelekeza utengeneze mazingira. Wengi wamejifunza kulipita katazo hilo kwa kuongeza --break-system-packages. Amri hiyo imepewa jina la ukweli, na anayeiandika kila siku kwenye kompyuta ya chuo anawaharibia wanaokuja baada yake. Hata hivyo niwe mkweli kuhusu gharama: mazingira matano yenye vifurushi vya uchambuzi hula gigabaiti kadhaa, na kwenye laptopu ya mtumba yenye diski ndogo hilo si jambo dogo. Hapo nashauri mazingira mawili, ya kazi ya kulipwa na ya majaribio, kuliko kukosa kabisa.

Lugha nyingine nitazipitia upesi. Java hukamata migongano mingi mapema: ukiingiza java.util.* na java.awt.* kisha ukaandika List, inakataa kukusanya programu mpaka useme ni ipi. Watengenezaji wa programu za Android hukutana na malalamiko ya klasi kujirudia pale maktaba mbili zinapoleta kitu kilekile, hasa tangu AndroidX ilipoanza kuchukua nafasi ya maktaba za zamani mwaka 2018. JavaScript ya Node huruhusu matoleo mawili ya kifurushi kimoja kukaa pamoja, kila moja chini ya anayekihitaji. Ni ustaarabu mzuri hadi React inapokuwa mbili ndani ya ukurasa mmoja, na kila moja haimtambui mwenzake. Kuhusu mizunguko ya kweli, ambapo faili ya wagonjwa inaingiza ya vijiji na ya vijiji inaingiza ya wagonjwa, jibu karibu kila mara ni faili ya tatu: yahamishie huko yale ambayo zote mbili zinayahitaji.

Kuna upande wa usalama pia. Februari 2021 mtafiti Alex Birsan alieleza jinsi alivyoingiza msimbo wake ndani ya kampuni zaidi ya 35, zikiwemo Apple, Microsoft na PayPal. Alichofanya ni kupakia kwenye hazina za umma vifurushi vyenye majina sawa na vile vya ndani vya kampuni hizo. Mitambo yao ikachagua vyake. Krismasi ya mwaka 2022, waliopakua toleo la majaribio la PyTorch kwa Linux kati ya tarehe 25 na 30 Desemba walipata torchtriton ya mwizi badala ya ile halali. Ni utaratibu ule ule wa calendar.py, ila safari hii aliyeiweka faili mbele ya foleni alifanya makusudi. Ofisi inayotunza majina na majibu ya vipimo vya watu wa Kwale haina haki ya kusakinisha kifurushi kwa jina la kukisia.

Katika dawa zote, ninayoitilia uzito zaidi kwa kazi ya afya ni kifurushi cha conflicted cha R, kilichoanza kupatikana mwaka 2018. Ukikifungua mwanzoni, kila jina lenye wenyewe wawili waliofunguliwa linakuwa hitilafu mpaka uandike unamtaka yupi. Kazi ya siku ya kwanza inakuwa ndefu kidogo, na wapo wanaolalamika. Lakini kinachofanyika ni kuuhamisha mgongano kutoka kundi la usiosema hadi kundi la unaosema, na hakuna msaada mkubwa kuliko huo ambao chombo kinaweza kumpa mchambuzi. Hautoshi kwa lag ya mwanzo, pale dplyr ilipokuwa haijafunguliwa kabisa: hapo hakuna mgongano wa kuonekana, kwa kuwa mwenye jina ni mmoja. Kwa hilo lipo jina kamili tu. Andika dplyr::lag, na asiye na dplyr atakatazwa kuendelea.

Linabaki jambo ambalo mchambuzi mmoja hawezi kulitimiza peke yake. Data ya kichocho ya Msambweni imeshaishi zaidi ya miaka thelathini. Hakuna toleo la programu linaloishi hivyo. Mtu atakayetaka kurudia hesabu za leo mwaka 2040 atafungua msimbo wetu kwa vifurushi vya wakati wake, na foleni ya majina itakuwa nyingine. R ina sessionInfo() inayoandika matoleo yote na mpangilio wa vilivyofunguliwa, ina renv inayohifadhi orodha hiyo katika faili. Python ina pip freeze. Ni maandishi matupu, madogo kuliko picha moja ya simu. Anayetaka kufanya utafiti Kenya huomba leseni ya NACOSTI na idhini ya kamati ya maadili, na huulizwa sampuli za damu zitahifadhiwa wapi na nani atazifikia. Orodha hiyo ya matoleo ingedaiwa hapo hapo, iwasilishwe Kwale pamoja na nakala ya data na msimbo wenyewe, ili kijana wa Msambweni aliyesomea takwimu aweze kuziendesha hesabu zilizofanywa juu ya damu ya ndugu zake, aone kama zinatoka vile vile.